Nauli ya Mlima

Miji iliyojengwa juu ya vilima husifiwa na wageni kwa uzuri wa mandhari yake, lakini taabu ya mandhari hayo huijua wenyeji, ambao hawana budi kupandisha hadi nyumbani mfuko wa unga, mtungi wa gesi, mtoto aliyelala begani na mzee ambaye magoti yake yamechoka. Kwa ajili hiyo nataka kunena leo juu ya chombo kimoja kidogo cha mji wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani, ambacho kwa rai yangu kina fadhila kubwa kuliko sifa yake, nacho ni reli ya meno itokayo uwanja wa Marienplatz bondeni na kupanda hadi kitongoji cha Degerloch.

Stuttgart umelala ndani ya bonde lililozungukwa na vilima karibu pande zote, na vilima hivyo zamani vilikuwa mashamba ya mizabibu yaliyokatwa matuta kwa matuta. Wakulima walijenga ngazi za mawe za kupandia mashambani mwao, na mji ulipokua ukayameza mashamba, ngazi zilibaki. Zipo hata sasa, zaidi ya 400, na watu wa mji huzitaja kwa mahaba. Lakini ngazi ya mawe, ipendwe namna gani, haimfai mama mwenye kigari cha mtoto wala mtu atembeaye kwa mkongojo.

Reli ilifunguliwa mwezi Agosti mwaka 1884, ikivutwa kwa mvuke, wakati Degerloch kilipokuwa bado kijiji chenye kujitegemea juu ya uwanda. Kiliingizwa mjini mwaka 1908. Tangu mwaka 1902 umeme ulianza kushika zamu ya mvuke, na mwaka 1936 kichwa cha njia kilisogezwa hadi Marienplatz. Urefu wake ni kilomita mbili na kidogo tu, na katika masafa hayo mafupi behewa hupanda mita 200 na ushei. Na mahali palipo pakali kuliko pote, njia huinuka karibu mita 18 kwa kila mita 100. Treni ya kawaida, ambayo hushikana na reli kwa uzito wake peke yake, chuma laini juu ya chuma laini, ingezungusha magurudumu bure katika mwinamo wa namna hiyo.

Dawa ya shida hiyo ni ya Niklaus Riggenbach, mhandisi aliyejenga reli ya mlima Rigi huko Uswisi, iliyofunguliwa mwaka 1871. Katikati ya reli mbili, juu ya mataruma, hulazwa kitu mfano wa ngazi ya chuma, yaani mihimili miwili iliyounganishwa kwa vipago vingi vilivyokaribiana. Na chini ya behewa lipo gurudumu la meno, ambalo jino lake huingia kati ya vipago viwili kabla jino lililotangulia halijatoka, hata chombo kikawa hakina nafasi ya kuteleza kikipanda wala ya kuponyoka kikishuka. Atazamaye njia hiyo kwa karibu huona vipago vimeng'aa pale meno yanapogusa na kuwa vyeusi kwa grisi kwingineko. Maarifa haya yana umri wa zaidi ya miaka 150, na mpaka leo hayajapata sababu ya kuona haya mbele ya maarifa mapya.

Lakini jambo linalonipendeza kuliko yote ni kigari cha wazi kilichowekwa mbele ya behewa, upande wa mlimani, kwa ajili ya baiskeli. Mwenye baiskeli hufika kituoni, huipandisha yeye mwenyewe kigarini, huisimamisha katika nafasi yake, kisha huingia ndani akaketi na abiria wengine, na behewa hukisukuma kigari kile mbele yake mpaka juu. Mtu aliyefikiri hivyo alimjua msafiri wake: alijua kwamba mwenye kuendesha baiskeli mjini hashindwi na umbali, hushindwa na mlima. Hapakujengwa jumba wala mtambo wa ajabu. Kilitengwa kigari kimoja, na mlima ukaondolewa katika hesabu ya safari.

La pili ni nauli. Reli hii ni njia namba 10 ya shirika la usafiri la mji, na tiketi ya basi au ya tramu ya mjini ndiyo tiketi yake. Vivyo hivyo Budapest, ambako reli ya meno iliyofunguliwa mwaka 1874 hupanda vilima vya Buda leo ikiwa tramu namba 60, na Lyon, ambako njia C ya treni ya mji hupanda Croix-Rousse kwa meno. Linganisha na reli za meno za milima mirefu ya Ulaya, ambazo nauli zake ni za watalii na haki yao kuzitoza, kwa kuwa aendaye kileleni kutazama theluji amekwenda kwa matamanio yake. Arudiye nyumbani hakwenda kwa matamanio. Kumtoza zaidi kwa sababu nyumba yake iko juu ni kumtoza kwa kuishi, nami naona si insafu.

Wapo wasemao kwamba njia fupi kama hii ni gharama isiyo na faida, na hoja yao haifai kudharauliwa, maana magari yake hayapatikani tayari dukani. Mji ulipohitaji kuyapumzisha yale yaliyofanya kazi tangu mwaka 1982, ulilazimika kuagiza mapya matatu tu kutoka Uswisi, yaliyoundwa mahususi kwa mwinamo ule mmoja. Ni ghali, ndiyo. Lakini hakuna aulizaye faida ya daraja kwa kuhesabu ada ya wapitao, na reli hii ni daraja lililosimamishwa kwa wima.

Kwetu, maelfu ya watu wa Mwanza wanakaa juu ya majabali, ambako mara nyingi gari haliwezi kufika na ndoo ya maji hupanda kichwani. Siombi reli ya meno ijengwe kule kesho. Pengine ngazi imara yenye vishikio na taa ingetosha kwa kuanzia, na pengine mahali pengine waya wa kuning'iniza vibehewa. Ninaloomba ni kwamba wapangao usafiri wa mji ule, wachorapo njia za mabasi katika ramani, waanze kuhesabu safari kutoka mlango wa nyumba ya juu kabisa, wala si kutoka kituo kilichoko barabarani.