Mbona chanjo haiui kuku?

Huenda nawe wafuga kuku kumi hivi nyuma ya nyumba, hapo karibu na kamba ya nguo. Asubuhi moja waamka kuwakuta wamejikunyata, mmoja shingo imepinda, kinyesi ni cha kijani. Kabla ya juma kwisha banda li tupu. Huo ni mdondo, ambao wenye maduka ya dawa za mifugo huuita Newcastle.

Jirani yako aliyechanja hakupoteza hata mmoja. Ajabu ni kwamba chanjo ile iitwayo La Sota ni virusi hai vya mdondo huo huo! Vilipatikana mwaka 1946 katika shamba moja la kuku huko New Jersey, Marekani. Basi mbona haviui?

Siri imo katika protini moja ya virusi hivyo, iitwayo F. Virusi vikiingia ndani ya seli ya kuku, huilazimisha iviundie protini vinazohitaji. Lakini F huundwa ikiwa haijawa tayari. Ni sharti ikatwe mahali maalumu ndipo virusi vipya viweze kuvamia seli nyingine. Na mkasi si wa virusi, ni wa kuku mwenyewe: vimeng'enya vyake.

Katika virusi vikali, mahali hapo pamejaa asidi za amino ziitwazo arginini na lisini. Kimeng'enya kiitwacho furini, ambacho kimo karibu katika seli zote za kuku, hupakata bila taabu. Ndiyo sababu ugonjwa hufika hadi ubongoni, shingo ikapinda. Katika La Sota asidi hizo ni chache, na furini haipawezi. Vimeng'enya vya njia ya hewa na matumbo ndivyo hupakata, kwa hiyo virusi hukwama huko huko, huku mwili ukijifunza kuunda kingamwili za kuikamata F, hata ile ya virusi vikali. (Vifaranga wakipiga chafya kidogo baada ya chanjo, usishtuke.)

Sasa, kilicho hai hufa, na hapa ndipo sisi wa mjini tunapojikwaa. Maji ya mfereji yana klorini, dawa iliyotiwa makusudi iue vijidudu. Ukichanganya chanjo humo, umewanywesha kuku maji matupu! Tumia maji safi ya kisima au ya mvua, au kwanza koroga katika yale ya mfereji maziwa ya unga yasiyo na mafuta. Kutoka dukani ibebe katika barafu. Na usingoje wa kwanza ainamishe shingo, maana kinga huchukua wiki moja au mbili kujengeka.