Barabara ya Dzaleka hadi Lilongwe: Nani huulizwa kama ameridhika?

Je, serikali inazitunza vyema barabara na madaraja? Swali hilo huulizwa nchini Malawi, kama katika nchi nyingine nyingi za Afrika, kwenye uchunguzi wa maoni wa Afrobarometer. Wanaohojiwa ni raia waliofikia umri wa kupiga kura. Mkimbizi anayeishi Dzaleka, wilayani Dowa, hamo katika hesabu hiyo, hata kama ameitumia barabara ya Lilongwe kwa miaka 20.

Katika kulipa, hata hivyo, yumo. Fedha za matengenezo ya barabara za Malawi hutokana kwa sehemu kubwa na tozo ya mafuta, na tozo hiyo haibagui raia na mgeni. Mwenye basi dogo huilipa anapojaza mafuta, kisha huifidia kwa nauli. Mama anayefuata bidhaa za duka lake mjini, takriban kilomita 40 kutoka kambini, huichangia. Vivyo hivyo mgonjwa aliyepewa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Kamuzu.

Tena, ubovu wa barabara humgharimu mkimbizi kwa namna ya pekee. Sera ya Malawi inawataka wakimbizi waishi kambini, na mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa mijini warejee Dzaleka. Kutoka kambini huhitaji ruhusa. Basi likikwama njiani, siku iliyoombewa ruhusa hupotea pamoja na nauli. Kambi hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wasiozidi 12,000, sasa ina zaidi ya 50,000.

Afrobarometer ina sababu ya kuwahoji raia pekee, kwani hupima mtazamo wa raia kuhusu utawala. Mamlaka ya Barabara haina kizuizi hicho. Ukarabati wa kilomita 301 za barabara kuu ya M1 kaskazini mwa Lilongwe, unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, ni fursa ya kuwauliza watumiaji wote: madereva, abiria na wachuuzi, kwa Kichewa na kwa Kiswahili pia.

Kumuuliza mkimbizi hakumpi kura. Kunampa mhandisi habari za barabara kutoka kwa mtu anayeipita na kuilipia.