Jengeni Ukuta Kwanza

Wasee, timu ikivuta mkia NFL, huchagua mapema chipukizi wa vyuo. Wengi hukimbilia kwotabeki, yule mrushaji mpira. Hapo ndio hukosea.

Houston Texans, timu mpya 2002, walianza na David Carr. Ukuta wa kumkinga ulikuwa mwepesi kama karatasi. Msimu huo aliangushwa mara 76, na hiyo rekodi bado iko.

Detroit Lions 2021 walitumia nafasi ya 7 kwa Penei Sewell, jitu la kukinga. Msimu wa 2023 walibakisha mechi moja tu waingie Super Bowl.

Mimi niliingia chuo na kipaji, bila karo wala wa kunishika mkono. Niliangushwa pia. Usimtume mtoto uwanjani kabla hujamjengea ukuta.