UKURASA WA MAGARI: Kutoa Otomatiki na Kutia Gia ya Mkono

Ukurasa wenu wa magari umerudi tena, na mwaka huu una suala moja tu, kwa kuwa nimeulizwa na nyumba tatu mbalimbali hapa London: je, yafaa kuitoa giaboksi ya otomatiki katika Mercedes ya zamani na kutia ya mkono? Jawabu langu ni kwamba yawezekana, na kazi yenyewe yajulikana. Lakini kabla ya kufungua bolti hata moja, mtu ajue mambo mawili: giaboksi yake inaumwa nini, na ni nani nyumbani atakayeliendesha gari hilo baadaye.

Gari ninalolizungumzia ni lile la umbo la W123, lililozinduliwa mwaka 1976 na kuendelea kutengenezwa hadi katikati ya miaka ya 80. Jamaa zetu wengi wanalipenda, na baadhi ya vijana wamelirithi kwa baba zao. Sisi tuliojifunza kwetu kwa Land Rover na Peugeot 404 twaona gari lisilo na klachi ni kama pilau ya kuliwa kwa uma. Hamu hiyo naielewa sana, ila hamu peke yake haitoshi.

Tuanze na ugonjwa. Otomatiki hushitakiwa bure mara nyingi. Gari likishapata moto, liache injini ikizunguka, mkono wa gia ukiwa kwenye P, kisha chomoa kijiti cha oili ya giaboksi. Oili ikiwa nyekundu na safi, usikate tamaa. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, basi sahani za ndani zimekwisha. Tena, upo mpira mwembamba wa hewa utokao kwenye manifoldi ya injini mpaka kwenye giaboksi. Kwa mpira huo giaboksi hujua injini inafanya kazi nzito au nyepesi. Ukipasuka, giaboksi hudhani injini inavuta kwa nguvu zake zote, ikachelewa kubadilisha gia, na ikibadilisha hupiga teke.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kijana mmoja na gari la marehemu baba yake, 230E ya mwaka 1983. Lilikuwa likipiga mateke hasa, na kijana alikwisha nunua giaboksi ya mkono. Tulipokuwa uani tukipanga kazi, mama yake akatoka na kuuliza, "Na mimi nitakwenda vipi hospitali?" Leseni yake ni ya otomatiki. Sheria ya Uingereza ni wazi: aliyefanya mtihani kwa gari la otomatiki haruhusiwi kuendesha la gia ya mkono mpaka afanye mtihani mwingine na kufaulu. Tangu mzee alipofariki, mwenye kuliendesha gari lile zaidi ni yeye, na siku za matibabu halimtegemei mtu ila yeye mwenyewe. Kijana alinyamaza. Tukapima oili, tukaikuta nyekundu. Tukaufuata ule mpira, tukaukuta umepasuka karibu na ncha. Tukatia mpya, na jioni ile gari likabadilisha gia kama siagi. Giaboksi ya mkono imewekwa bandani, imefunikwa gunia, na mama anaendesha.

Nyumba ya pili mambo yalikuwa mengine. Oili ilikuwa nyeusi, gia ya kurudi nyuma imekufa kabisa, na watu wote wa nyumba ile wana leseni kamili. Huko tuliifanya kazi, ikatuchukua Jumamosi na Jumapili za wiki tatu. Anayetaka kujaribu na ajue kwamba giaboksi ni nusu tu ya safari. Konveta na ile sahani nyembamba ya otomatiki hutoka, na pahala pake huingia flaiwili nzito, klachi pleti na presha pleti. Flaiwili ipelekwe kwa fundi wa mashine aibalansi ilingane na ile iliyotoka, na bolti zake ziwe mpya. Nyuma ya krenkishafti hutiwa beringi ndogo ya kushika ncha ya shafti ya giaboksi. Pedali ya breki pana hutolewa, hutiwa mbili nyembamba, pamoja na masta silinda ya klachi, ambayo katika gari hili hunywa kutoka chupa ileile ya breki. Propela shafti ya mbele si ya urefu uleule, na hata chuma kinachobeba giaboksi kwa chini si kimoja. Kwa hiyo nafuu ni kununua gari bovu zima la gia ya mkono, upate kila kitu mpaka misumari.

Halafu umeme. Otomatiki haikubali kuwaka ila mkono uwe kwenye P au N. Swichi hiyo ikiondoka, nyaya zake huunganishwa ili stata ifanye kazi, na tangu siku hiyo gari litawaka hata likiwa ndani ya gia. Waambieni wote wa nyumbani: klachi chini kwanza, ndipo ufunguo. Taa za kurudi nyuma nazo hupata swichi yao kwenye giaboksi mpya. P haipo tena, basi breki ya kuegeshea na iwe nzima kweli. Na kampuni ya bima iarifiwe mapema, kwani ukinyamaza huenda siku ya ajali wakakataa kulipa.

Nyumba ya tatu bado hawajaamua. Nimewaambia wakae wote pamoja, baba, mama na watoto, kila mmoja na leseni yake mkononi, wazisome kwanza. Wakikubaliana, spana zangu zipo.

Hadi kitabu cha mwaka ujao, tukijaaliwa. Endesheni polepole.