Ugomvi wa ndoa usigeuzwe kesi ya wizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya tabia ya kuchukua ugomvi wa mali ya ndoa na kuupeleka polisi kama kesi ya wizi. Ninaandika kutoka Tukuyu, lakini naamini hata wasomaji wa wilaya nyingine wataitambua.

Tuchukue mfano. Mume na mke wamelima chai na migomba pamoja kwa miaka kumi na tano huko Katumba au Kiwira. Wanagombana, mke anarudi kwa wazazi wake na watoto. Watoto wanapokosa madaftari anaingia shambani, anakata mikungu mitano ya ndizi na kuwauzia wachuuzi. Mume anakimbilia kituo cha polisi, na mke anajikuta mshtakiwa.

Je, huyu ni mwizi? Kifungu cha 9 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kwamba mtu hana hatia ya jinai juu ya mali ikiwa alitenda kwa kuamini kwa dhati kuwa ana haki nayo, bila nia ya kudanganya. Mwanamke aliyeipalilia migomba hiyo kwa mikono yake ana sababu ya kuamini hivyo. Huo ndio utetezi wake, na inafaa autoe mapema, tangu anapoandikisha maelezo yake polisi. Akisema tu kwa hofu, "Ni kweli nilichukua, naomba msamaha," anaweza kuhesabiwa kuwa amekiri kosa.

Hata shtaka la kuingia shambani kwa jinai lina mipaka yake. Katika kesi ya Sylivery Nkangaa na Raphael Alberto, iliyomo katika taarifa za kesi za Tanzania za 1992, Mahakama Kuu ilieleza kuwa shtaka hilo haliwezi kusimama wakati mgogoro wa nani mwenye ardhi haujaamuliwa na mahakama ya madai. Maana yake ni kwamba kesi ya jinai isitumiwe kumnyang'anya mtu shamba.

Wako watakaosema, "Shamba ni la mume, kwani kitabu cha chai kina jina lake." Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinakubali dhana hiyo, lakini kinaruhusu ipingwe kwa ushahidi. Kifungu cha 114 nacho kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, pale inapotoa talaka au amri ya kutengana, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, iliamua kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Ingawa Bi. Hawa mwenyewe hakupata mgawo, uamuzi huo umewafaa wanawake wengi baada yake.

Hivyo njia iliyo sawa ni kwenda kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, litoe hati yake, na shauri lifunguliwe hata katika Mahakama ya Mwanzo. Mwananchi aende na mashahidi waliomwona akilima, pamoja na stakabadhi za mbolea na za malipo ya majani ya chai.

Lakini nisieleweke vibaya. Kipigo si mali ya kugawana. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Aliyepigwa aende polisi siku hiyo hiyo, asirudishwe barazani kusuluhishwa.

Nawaomba askari polisi wanapopokea malalamiko ya wizi waulize kwanza: hawa ni mume na mke? Mali hii ilichumwa na nani? Nawaomba pia viongozi wa vijiji wawaelekeze wananchi kwa wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mke akifungwa kwa mikungu mitano ya ndizi, watakaolala njaa ni watoto wa huyo huyo aliyemshtaki.

Msomaji wako,
Tukuyu, Rungwe.