Kijani cha Nairobi kina bei sasa, nasi wa pwani tujihadhari

Masika yakikatika, magharibi mwa Nairobi hugeuka sura. Vumbi la Naivasha Road hutulia, mashamba madogo ya Waithaka na Mutu-ini hujaa maharagwe, na asubuhi isiyo na mawingu milima ya Ngong huonekana wazi kutoka Riruta, kijani kutoka chini mpaka juu. Wazungu wana majira yao ya majani kuchipuka baada ya baridi. Sisi tuna haya, na mengine ya Septemba na Oktoba mijakaranda inapotandaza maua ya zambarau barabarani hadi katikati ya jiji.

Nimeishi Riruta miaka kadhaa tangu nitoke pwani, na ndugu zangu wa Kilifi na Mombasa huniuliza swali moja: huko kwenye mabati na matatu mnapumzikia wapi? Jibu ni kwamba pa kupumzikia ni pengi, na karibu. Swali ninaloliona zito zaidi ni jingine. Je, miaka mitano ijayo mkazi wa kawaida wa Riruta ataweza kufika huko na kuingia?

Tuanze na kilichopo mlangoni. Kutoka Riruta ukishuka hadi Dagoretti Corner, matatu za nambari 111 za kwenda Ngong hupita kando ya msitu wa Ngong Road. Ndani yake unapita mto Motoine, unaoanzia upande wa msitu wa Dagoretti, ukashuka kupitia Kibera hadi bwawa la Nairobi. Upande wa Kikuyu kuna kinamasi cha Ondiri, chanzo cha mto Nairobi wenyewe. Mtu anayeuona mto huo ukiwa mweusi pale Gikomba hatasadiki kwamba unaanza na maji safi, matete na ndege, mwendo mfupi tu kutoka kwetu.

Matatu hiyo hiyo ya 111 ukiimaliza safari yake, uko Ngong mjini. Juu ya milima mitambo ya upepo ya KenGen inazunguka, na ukitembea kilele baada ya kilele hadi Kona Baridi, mkono mmoja una jiji na mkono wa pili una Bonde la Ufa. Hakuna hoteli inayoweza kukuuzia mandhari kama hiyo.

Mwenye gari, au kikundi kilichochanga cha kukodi matatu, huenda mbali zaidi kwa siku moja na kurudi. Kuna njia ya Magadi: unapita Kiserian na Kona Baridi, unateremka mpaka Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walichimbua mashoka ya mawe ya watu wa kale katika miaka ya 1940, kisha unaendelea hadi ziwa la magadi lenyewe. Mtu wa pwani akifika huko atajihisi nyumbani kwa joto, ila hatapata upepo wa bahari.

Na kuna njia ninayoipenda kuliko zote, ya kupitia Kikuyu na Rironi kuteremka Mai Mahiu. Barabara ile ilijengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kikanisa chao kidogo bado kiko pale chini kando ya njia. Pale juu watu husimamisha magari kutazama bonde na mlima Longonot, na wachuuzi huuza ngozi za kondoo, kofia za manyoya, mahindi ya kuchoma na chai. Kutazama ni bure. Chai ni shilingi chache, na mwenye kibanda anapata riziki yake.

Sasa hapo ndipo habari za siku hizi zinapoingia.

Mwishoni mwa Novemba 2025, Rais William Ruto alizindua ujenzi wa barabara kuu ya Rironi hadi Mau Summit. Mradi huo umeunganishwa na njia ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha, yenye kilomita 58. Itapanuliwa na wawekezaji, wakiwemo kampuni za Kichina na hazina ya NSSF, nao watarudisha pesa zao kwa kutoza magari. Kiwango kilichotajwa kwa gari dogo ni Sh8 kwa kila kilomita, kikipanda kidogo kila mwaka. Piga hesabu: kilomita 58 ni Sh464 kwenda, na Sh464 kurudi. Kabla hujanunua mafuta, kwenda Naivasha na kurudi kutakugharimu Sh928.

Mwaka huo huo Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza ada mpya za mbuga. Kwa Mbuga ya Nairobi, mwananchi mtu mzima alitakiwa kutoka Sh430 hadi Sh1,000. Wadau wa utalii walienda mahakamani kupinga ada hizo. Na mnamo Agosti 2025, Huduma ya Misitu, KFS, iliagiza malipo yote ya msitu wa Karura yapitie akaunti ya serikali ya eCitizen, badala ya utaratibu ambao chama cha wakazi, Friends of Karura Forest, kilishiriki kuusimamia. Mzozo huo nao ulifika mahakamani.

Ukizitazama habari hizi moja moja, kila moja ina maelezo yake. Ukiziweka pamoja, picha ni moja: kijani kilicho karibu na mji kinawekewa kaunta ya malipo, na anayekusanya anazidi kuwa mbali na anayeishi kando ya kijani hicho.

Haki lazima tuitendee serikali pia. Barabara ya kwenda Nakuru ni hatari. Kila Desemba inatuletea maiti na foleni za usiku kucha, na kuipanua kunahitaji mabilioni. Mbuga zinahitaji askari, mafuta ya doria na fidia kwa wafugaji. Malipo ya simu yanapunguza wizi langoni, na sote tunajua pesa taslimu zilivyokuwa zikipotea katika ofisi nyingi. Na hata Sh1,000 ni kidogo mno ukilinganisha na dola ambazo mgeni kutoka Ulaya au Marekani hutozwa.

Lakini mgeni huyo hupanga safari yake mara moja kwa miaka kumi. Mkazi wa Riruta anaihitaji Jumapili hii. Tangu Novemba 2024 mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida hapa Nairobi ulikuwa Sh16,113 kwa mwezi. Gawanya kwa siku 26 za kazi, unapata kama Sh620 kwa siku. Mume na mke wakienda Mbuga ya Nairobi kwa ada iliyotangazwa ni Sh2,000, yaani zaidi ya siku tatu za jasho, kabla ya watoto, nauli na soda. Familia hiyo haitaenda. Itakaa nyumbani, na watoto wataendelea kumjua simba kwa televisheni, ilhali anaunguruma upande wa pili wa jiji lao.

Kuna anayesema, basi waende kwingine. Kwingine wapi? Nairobi ina watu zaidi ya milioni nne na nyasi za umma zinahesabika. Nyumba nyingi za Riruta ni chumba kimoja au viwili katika jengo la ghorofa, na uwanja wa mtoto ni ngazi na paa la kuanikia nguo. Kwa watu kama hao msitu unafanya kazi ile ile ambayo baraza na ufuo hutufanyia sisi kwetu. Hapo ndipo mtu anapopata nafasi ya kupumua.

Mfano wa Karura unatufunza kuhusu pesa na usalama. Katika miaka ya 1990 ardhi ya msitu ule iligawiwa wajenzi binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa na majambazi walipokwenda kupanda mti langoni. Msitu ukaokolewa, lakini kwa miaka mingi baadaye hakuna aliyethubutu kuingia peke yake, maana ulikuwa maficho ya wezi. Kilichobadilisha mambo ni sheria ya misitu ya 2005, iliyoruhusu vyama vya wakazi kusimamia misitu kwa ubia na serikali. Wakazi wakachangisha, ua wa umeme ukajengwa, vijana wa mitaa jirani kama Huruma wakapata kazi, na ada ikawekwa chini. Kwa muda mrefu mwananchi mtu mzima alilipa takriban Sh100. Watu wakaja kwa maelfu, na wingi wao ndio uliofukuza wezi.

Linganisha na msitu wetu wa Ngong Road. Ulipotengwa rasmi mwaka 1932 ulikuwa na hekta zipatazo 2,900. Leo zimebaki kama 1,200. Zilizobaki zimekatwa na barabara ya Southern Bypass, na vipande vyake vimepakana na makazi ya pande zote. Wapo wanaoulinda kwa bidii, lakini watu wengi wa upande wetu hawajawahi kukanyaga ndani. Na msitu usio na wageni wa kawaida hauna mashahidi. Siku kipande kingine kikimegwa, nani wa Riruta atagundua?

Kwa hiyo hoja yangu si kwamba kila kitu kiwe bure. Ada ndogo inayobaki karibu hujenga. Ada kubwa inayokwenda mbali hufukuza watu, na watu wakiondoka, wanyakuzi huingia.

Nayasema haya katika ukurasa wa pwani kwa sababu sisi tumeshayaona. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakazi wengi wanaopakana na Arabuko-Sokoke walitaka msitu ukatwe wapate mashamba. Walikuwa wakipata nini kutoka kwake? Tembo wa kuwalia mihogo. Mwaka 1993 mradi wa Kipepeo ukaanza pale Gede, wakulima wakafuga vipepeo wa kuuzwa ng'ambo, na pole pole msitu ukawa na wenyewe. Pale Mida, pesa za wageni wanaotembea kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko zimesaidia kulipa karo za watoto wa vijiji jirani. Huo ni ushahidi wa nyumbani kwamba jirani akipata sehemu yake, hulinda.

Tumeuona upande wa pili pia. Njia ngapi za kushukia ufuoni, kutoka Nyali hadi Diani, zimezibwa kwa kuta na mageti? Bahari haikuuzwa, lakini njia ya kuifikia iliuzwa, na leo familia za Kisauni na Bamburi zinabanana pale Pirates sikukuu ikifika. Hivyo ndivyo sehemu ya umma inavyopotea: inabaki pale pale, ila watu wake hawafiki.

Na tusidhani mambo ya barabara ni ya bara peke yake. Barabara ya Dongo Kundu imekuwa matembezi kwa watu wengi wa Mombasa. Jioni wanaendesha polepole juu ya madaraja yale marefu, mikoko chini na jua likizama upande wa Kwale. Leo ni bure. Mfumo wa kulipia barabara kwa kilomita ukizoeleka Rironi, sioni kwa nini usije kwetu kesho.

Basi tudai nini? Kwanza, wajumbe wetu bungeni wadai kwamba barabara yoyote ya kulipia iwe na njia ya bure inayopitika, inayotengenezwa, isiyoachwa mashimo ili watu walazimike. Na sehemu za kutazamia bonde pale Mai Mahiu zisije zikafungwa kwa ua, wachuuzi wakafukuzwa, kisha kahawa ya Sh400 ikachukua nafasi ya chai ya kibanda. Njia hiyo pia inahitaji kuheshimiwa. Aprili 2024 mafuriko ya Mai Mahiu yaliua watu zaidi ya 50 usiku mmoja. Pesa zikikusanywa, mifereji na vivuko vya maji vije kabla ya vibanda vya kutozea.

Pili, misitu na mbuga zilizo ndani ya miji ziwe na siku ya bei nafuu kwa wananchi kila wiki, na watoto wa shule za umma wa maeneo jirani waingie bure. Shule za Riruta, Kawangware na Kibera ziko karibu mno na msitu kiasi kwamba mwalimu hahitaji hata basi.

Tatu, sehemu inayojulikana ya kila ada ibaki kwa chama cha wakazi, na hesabu zibandikwe langoni kila mwezi. Pesa zikipitia eCitizen, sawa, lakini zirudi. Msitu wa Ngong Road unastahili ubia kama ule uliofufua Karura, na wakazi wa magharibi mwa Nairobi tuwe wa kwanza kujiandikisha.

Hadi hapo, nendeni. Masika yakikatika chukua watoto, panda 111, beba chapati na maji, mpande Ngong kwa kikundi mkiwa na askari wa misitu, wala msiende peke yenu. Wa pwani nendeni Arabuko, nendeni Shimba Hills, shukeni ufuoni kwa zile njia zilizobaki wazi na mzitumie mara kwa mara. Njia isiyo na wapitaji ndiyo wanayoanza nayo wajenga kuta.