Monita za Zamani na Alama za Toni

Hapa Mokambo, kama Lubumbashi, monita kuukuu ikionyesha maandishi yaliyofifia huitwa mbovu na kuwekwa pembeni. Nyingi bado ni nzima. Naona kuziokoa ni kazi inayotuhusu sisi wa kitivo cha lugha, na nitaeleza kwa nini.

Kilamba na Kibemba, zinazosemwa pande zote mbili za mpaka huu, ni lugha za toni. Anayeandika toni huweka alama ndogo juu ya irabu. Akitumia programu ya Praat, hufuata mstari mwembamba wa kimo cha sauti. Monita bapa ya inchi 17 kwa kawaida ina nukta 1280 kwa 1024. Kompyuta ikiipelekea picha ya 1024 kwa 768, picha hunyooshwa ili ijaze kioo, na herufi hupoteza ukali. Hapo á na à huanza kufanana, na mnukuzi huweza kuandika neno lingine kabisa.

Chanzo mara nyingi ni kidogo. Tangu 1994 kuna kanuni iitwayo EDID: monita hubeba kitambulisho cha baiti 128 kinachotaja vipimo inavyoviweza. Katika kebo ya VGA, kitambulisho hicho hupita kwenye pini ya 12 na ya 15. Mojawapo ikivunjika, picha huendelea kuja, lakini kompyuta haijui imeunganishwa na nini, hivyo huchagua kipimo kidogo. Basi jaribu kwanza kebo nyingine. Isipofaa, kwenye Linux amri ya cvt hukokotoa kipimo kinachotakiwa, na xrandr hukiongeza. Usipite uwezo uliotajwa na mtengenezaji, hasa kwa zile monita nene, maana zinaweza kuungua.

Wapo watakaosema hayo ni ya wenzetu wa politekniki. Lakini maelezo ya kazi hii husomwa zaidi kwa Kiingereza au Kifaransa, na fundi wa redio sokoni, mwenye mikono inayoweza, anafanya kazi yake kwa Kiswahili. Kinachomkosesha ni istilahi, na istilahi ni somo letu. Napendekeza kitivo kiandike ukurasa mmoja kwa Kiswahili, mafundi wausome kwanza na kusahihisha maneno yasiyoeleweka, kisha ubandikwe kando ya kila kompyuta tunayonukulia lugha zetu.